Mpwa Wangu, Msemaji wa "Bado"

Kazi ya mpwa wangu ni kusema. Msicheke. Kuna wanaolipwa kwa kubeba, kuna wanaolipwa kwa kushona, na kuna yeye, anayelipwa kwa kusema, tena siku ile tu ambayo kila mkubwa wa kampuni yao anaomba ardhi ipasuke immeze. Gesi ikivuja, mafuta yakimwagika, lori la mafuta likilala ubavu barabarani, wakubwa wanatafuta mlango wa nyuma, na yeye anasukumwa atokee wa mbele. Kadi anayoning'iniza shingoni imeandikwa Afisa Mawasiliano ya Dharura. Watu wakiniuliza hiyo ndiyo kazi gani, nawajibu: ni ile niliyoifanya mimi maisha yangu yote bila mshahara.

Maana mdomo ule ni wangu. Mama yake, dada yangu wa tumbo moja, hulikataa jambo hili hadharani. Husema mtoto kafuata upande wa baba. Mwacheni. Nani mwenye vipaza sauti katika mtaa huu? Mimi. Harusi isiyokuwa na spika zangu ni kikao cha mabubu. Shule niliiaga mapema kabla haijaniaga yenyewe, lakini nyaya nazijua, watu nawajua, na huyu binti namjua tangu hajaota meno.

Alikuwa mtoto wa ajabu. Ukimtuma dukani akakuta limefungwa, hakupotelea mchezoni hadi jioni kama wenzake. Alirudi mbio kusema, "Limefungwa." Akaenda tena kuchungulia, akarudi: "Bado limefungwa." Akaenda tena. Mama yake alikuwa hapati hata nafasi ya kukasirika vizuri, kwa sababu kila akijiandaa kugomba, taarifa nyingine ilikuwa imeshafika mlangoni inahema.

Akakua, akasomea mambo ya habari, akasoma taarifa kwenye redio ndogo ambayo wasikilizaji wake nadhani tulikuwa mimi na mama yake tu, halafu kampuni ya gesi ikamchukua. Ghala lao liko juu ya mtaa wetu, kwenye mwinuko: matangi meupe yamelala kama mayai ya ndege ambaye hakuna aliyewahi kumwona, malori yanaingia yameshiba yanatoka matupu, na mitungi ya kupikia inajazwa inapangwa. Kuanzia pale ardhi inashuka. Karakana yangu iko juu, jirani na kona. Nyumba ya dada yangu iko chini kabisa, pale mtaa unapokwisha na mfereji mkubwa unapopita nyuma ya ua.

Siku moja alikuja karakana kunisomesha.

"Mjomba, wewe unadhani gesi inapaa."

"Moshi unapaa, mvuke unapaa, kwa nini hiyo isipae? Ina miguu?"

"Hii ya kupikia haipai. Ni nzito kuliko hewa. Ikitoka inashuka, inatambaa mferejini kama maji, inatafuta bonde, inakaa pale kimya inamngoja mtu awashe kiberiti."

"Na bondeni anakaa nani?"

"Mama."

"Basi hiyo kazi yako uifanye kwa adabu," nikamwambia. Alicheka, lakini niliona amelimeza lile neno.

Kazi yenyewe, alivyonieleza, ina mambo manne tu. Unasema unalolijua. Unasema usilolijua. Unasema mnafanya nini. Kisha unataja saa utakayorudi kusema tena. Hilo la nne ndilo alilolishika kama dini. Ukitaja saa, unarudi saa ile ile, hata kama mikono ni mitupu. Alifanya mazoezi nyumbani, amesimama katikati ya sebule, mama yake kwenye cherehani akijifanya mwandishi wa habari mwenye hasira.

"Mwandishi, uliza swali," alisema binti.

"Umekula?"

"Mama! Uliza la gesi."

"Gesi itaulizwa na wasio na watoto. Umekula?"

Bosi wake mimi nilimpa jina la Bwana Subiri. Si mtu mbaya. Shati lake limenyooka hata jioni, salamu hakosi, ila kila jambo kwake jibu ni moja: tusubiri makao makuu. Ukimwambia mvua inanyesha, atatazama simu kwanza.

Kampuni ilikuwa na desturi ya kutufanyisha mazoezi. Kila baada ya miezi kadhaa ujumbe unaingia kwenye simu za mtaa mzima, mwanzo wake maneno matatu kwa herufi kubwa: ZOEZI ZOEZI ZOEZI. Halafu unaambiwa gesi imevuja, zima moto, panda kwa miguu hadi uwanja wa shule. Ukifika uwanjani unaandikwa, unapewa soda, unarudi kwako. Wazo zuri. Lakini wasomi wa kampuni walisahau kitu kimoja: soda. Watu walianza kuupokea ujumbe ule kulingana na kiu. Siku ya jua kali uwanja unajaa. Siku ya mawingu anatokea kinyozi peke yake, maana yeye hana wateja.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Pale ghalani mpira wa kushushia gesi kutoka kwenye lori ulipasuka. Walifunga koki upesi, hilo nawapa sifa yao, lakini iliyokwisha kutoka ilikuwa imetoka, na ilifanya vile vile alivyonisomesha binti: ikashika mfereji, ikaanza safari ya bondeni. Yeye alikuwa ofisini kwake, kwenye chumba kidogo karibu na geti la ghala, chenye ubao mweupe na saa kubwa ya ukutani. Ujumbe wa dharura huwa umeandikwa tayari, unajaza tu. Akabadilisha mahali, akabadilisha saa, akaweka majina ya mitaa, akatuma. Kichwa cha ujumbe hakukigusa. Alikuwa ametuma ya mazoezi mara nyingi mno. Vidole vilikuwa na njia yao. Kwa hiyo habari ya kweli, ya kwanza katika maisha ya mtaa wetu, ilitufikia imevaa nguo za mchezo.

Nilikuwa nachomelea waya wa spika. Simu ikalia. ZOEZI ZOEZI ZOEZI. Nikatazama nje, jua la wastani, nikasema leo sina kiu, nikaendelea kuchomelea. Dada yangu kule chini yeye aliujibu ujumbe wenyewe, nimeuona baadaye kwa macho yangu: "Leo ziwe za baridi."

Mpwa wangu aliona jibu la mama yake likiingia kwenye kompyuta. Hapo ndipo alipogundua. Ananiambia hakupiga kelele wala hakulia. Alituma ujumbe wa pili wa kusahihisha, akajua hautasomwa, akashika njia. Barua ya onyo aliipata baadaye, msidhani hakuipata, na aliisaini bila kubisha, kwa sababu kosa lilikuwa lake. Lakini barua ni mambo ya wiki ijayo. Asubuhi ile alinitokea mlangoni, jasho linamtiririka.

"Mjomba, weka hicho chini. Spika za betri ziko wapi?"

"Shikamoo haipo siku hizi?"

"Mjomba! Gesi iko mferejini. Kweli. Ujumbe nimeukosea."

Nilimtazama usoni. Mimi ni mtu wa utani, ila utani una mpaka wake na siku ile niliuona. Nikabeba spika.

"Tunashuka nazo?"

"Hapana. Umeme hauingii bondeni leo, hata wa betri, cheche moja inatosha. Tunasimama hapa konani, upepo unatoka nyuma yetu, tunawaelekezea. Vijana wa uokoaji wanashuka na vipimo vyao vya gesi kugonga milango."

Simu yake ikalia. Bwana Subiri. Aliiweka sikioni, nami nikategesha langu. Mjomba ana haki zake.

"Usiseme tumekosea ujumbe," Meneja alisema. "Sema mtandao ulisumbua. Au usiseme kitu kwanza, tusubiri makao makuu."

"Meneja, watu wana majiko yanawaka."

"Naelewa, lakini neno 'tumekosea' likishatoka halirudi."

"Ndivyo ninavyolitaka," alisema, akaikata, akaitumbukiza kwenye mfuko wangu wa shati. "Mjomba, ikilia usipokee." Ikawa inatetemeka kifuani kwangu kama moyo wa pili.

Akashika maiki. Nimewasikia wasemaji wengi kwenye spika zangu, wa siasa, wa harusi, wa kuuza dawa za kunguni. Hakuna aliyewahi kuanza vile.

"Jamani, ni mimi, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa chini. Ujumbe mliopata umeandikwa zoezi. Nimeuandika mimi, na nimekosea mimi. Si zoezi. Gesi imevuja kweli, iko kwenye mfereji, inakuja huko. Zimeni majiko. Kiberiti kisiguswe. Taa msiwashe, na iliyowaka msiizime, acheni swichi ilivyo. Msiwashe gari wala pikipiki. Tokeni kwa miguu, pandeni huku juu. Leo hakuna soda."

Nadhani hilo la mwisho ndilo lililowatoa. Mtu anaweza kudanganya kwa mengi, lakini kampuni ikikunyima soda, ujue mambo yameharibika.

Walianza kupanda. Wenye watoto mgongoni, wenye wazee mkononi, kinyozi na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Dada yangu alikuja katikati ya kundi, futi ya kupimia shingoni, pini bado ziko mdomoni, uso umekunjamana. Akazitema kiganjani, akamfuata binti yake moja kwa moja.

"Unajua nilikuwa napiga pasi? Pasi ya mkaa, mwanangu. Na gauni la watu, jeupe, la harusi. Nimesikia sauti yako, nimeimwagia pasi ndoo nzima ya maji. Majivu yameruka yote kwenye gauni."

"Umefanya vizuri, mama."

"Vizuri? Majivu yakikauka kwenye kitambaa kile hayatoki! Yanatakiwa kusuuzwa sasa hivi!"

"Mama, twende uwanjani."

Pasi ya mkaa. Kule bondeni. Nikabeba spika zangu, nikawafuata.

Uwanjani binti alitafuta meza ya darasani, akapanda juu yake, nikaegesha spika pembeni.

"Ninalolijua: koki imefungwa, hakuna gesi mpya inayotoka. Nisilolijua: iliyokwisha kutoka imekaa wapi na ni kiasi gani. Wapimaji wanapita mfereji mmoja mmoja. Mpaka wamalize, hakuna anayerudi. Kila saa kamili nitapanda hapa niwaambie, niwe na jipya au nisiwe nalo."

Saa ya kwanza ilipofika alipanda. Bado. Watu wakaguna, wakakaa. Jua likazidi kupanda. Watoto wakaanza kulia njaa, wazee wakaanza kulalamikia mgongo, na dada yangu akawa anatembea huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia, anahesabu kwa sauti jinsi majivu yanavyokauka.

Bwana Subiri alifika, shati limenyooka. Alimvuta binti kando ya ukuta wa darasa. Mimi nilikuwa naangalia betri, na betri kwa bahati ilikuwa karibu nao.

"Usipande tena," alisema. "Makao makuu wanaandaa taarifa. Mpaka waipitishe."

"Saa inayofuata inakaribia, Meneja. Nimeahidi."

"Una jipya?"

"Sina."

"Sasa utapanda kusema nini?"

"Kwamba sina."

"Hiyo siyo taarifa, binti."

"Ndiyo yenyewe. Tukinyamaza, kimya hakikai kitupu. Atakayetangulia atakijaza."

"Kimya hakijawahi kumfukuzisha mtu kazi."

Kabla hajamaliza, kimya kilikuwa kimeshapata mpangaji. Kinyozi alikuwa amesimama juu ya tofali, simu juu, kundi limemzunguka. Sauti ya mtu ilikuwa inatoka kwenye simu ile, nzito, yenye kujiamini: mimi ni mtu wa ndani ya kampuni, nawaambieni kama ndugu, hewa ni safi tangu asubuhi, wanawaweka hapo kwa ajili ya picha zao tu, rudini makwenu. Mara mtu akakunja mkeka. Mwingine akabeba mtoto. Dada yangu, bila kungoja kuambiwa mara ya pili, akajifunga mtandio kiunoni akaelekea geti la uwanja, na nyuma yake wakaanza kujipanga watu, maana dada yangu akitembea hivyo hata mimi humfuata.

Binti aliona. Akaanza kuelekea mezani.

"Ukipanda pale," alisema Bwana Subiri, "umepanda mwenyewe. Kampuni haipo."

"Meneja, nimepanda mwenyewe tangu asubuhi."

Akapanda. Nikawasha spika, ikapiga mluzi mkali, kila mtu akageuka. (Watu husema ilikuwa ajali. Spika zangu hazipigi mluzi kwa ajali.)

"Saa imefika," alisema. "Sina jipya."

Uwanja mzima ukacheka. Kinyozi akapaza sauti kutoka kwenye tofali lake:

"Sasa umepanda kutuonyesha viatu?"

"Nimepanda kwa sababu niliahidi."

"Huku tunalo jipya! Mtu wa ndani kasema ni salama!"

"Huyo mtu ana jina, kaka yangu?"

"Ni mtu wa ndani!"

"Wa ndani ya nini? Ya simu?"

Wakacheka tena, safari hii upande wa binti. Lakini dada yangu hakucheka, wala hakusimama. Alikuwa amefika getini. Binti akashusha maiki kidogo, akasema bila kupaza sauti, na spika zangu zikaifikisha kama ilivyo:

"Mama."

Dada akasimama.

"Jamani, huyu ni mama yangu. Nyumba yake iko chini kuliko zenu zote. Ana gauni la watu linaharibika, na ni kwa sababu yangu. Kungekuwa na hata chembe ya ukweli kwenye ile simu, yeye ndiye ningemruhusu wa kwanza."

"Kwa hiyo leo mimi ndiye nimekuwa mfano?" Dada aligeuka, mikono kiunoni.

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Ndiyo."

"Mimi nimekuzaa. Hunifungii njia."

"Siwezi kukufungia, mama. Geti liko wazi. Nakuambia ninalolijua tu. Mfereji wa nyuma ya nyumba yako ni wa mwisho, na kipimo hakijafika. Nisilolijua ni kama ndani ya ule ua kuna gesi ya kujaza kikombe au ya kujaza nyumba. Ile pasi uliyoimwagia maji, sijui kama kuna kaa lililobaki katikati."

Nilimwona dada yangu akiiona pasi ile. Nimeishi naye tangu utotoni, najua uso wake ukifanya hesabu. Alitazama njia ya kushukia, akatazama watu waliojipanga nyuma yake, miongoni mwao mama mwenye mapacha na yule mzee wa mkongojo ambaye dada humshonea kanzu bila malipo. Wote walikuwa wanangoja mguu wake.

"Na saa ijayo utasema nini?" akauliza.

"Sijui, mama. Ila nitasema."

Dada akafungua mtandio kiunoni, akautandika pale pale getini, akakaa. Tena hakukaa pembeni ya njia, alikaa katikati. Mwenye kutaka kupita ilibidi amruke fundi cherehani, na katika mtaa wetu hakuna aliye na kimo hicho. Nyuma yake wakaanza kukaa mmoja mmoja, wakinung'unika, wakisukumana, lakini wakikaa.

Kinyozi tu ndiye aliyepenya, kwenye tundu la ukuta wa nyuma, akasema anafuata mashine zake za kunyolea. Hakufika mbali. Vijana wa uokoaji walimkuta kwenye kamba ya kuzuia njia, anainyanyua apite chini yake, na wakati wanamkanya, kipimo mkononi mwa mmoja wao kikaanza kulia, juu ya mfereji ule ule uliokuwa miguuni pake. Walimrudisha uwanjani amekuwa na adabu za bwana harusi. Nikamuuliza, "Mtu wako wa ndani anasemaje?" Akaniambia, "Fundi, niache nikae." Nikamwacha. Kwa muda.

Taarifa ya makao makuu ikafika, kwenye simu ya Bwana Subiri. Akamletea binti aisome kwa saa inayofuata. Alisoma, akamrudishia.

"Hapa wameandika hali imedhibitiwa. Siwezi kulisema hilo."

"Limeshapitishwa!"

"Koki ndiyo imedhibitiwa. Hali bado inalia kwenye kipimo, kinyozi ameisikia kwa masikio yake. Nikisema hali imedhibitiwa, hawa wote wanasimama, na mama yangu hana jinsi ya kuwazuia tena."

Bwana Subiri aliitazama simu. Akamtazama dada yangu pale getini, amekaa kama mlango wa benki. Nilidhani atasema tusubiri. Badala yake akapiga simu mwenyewe, akaenda nayo mbali, na mkono wake wa bure ukawa unakata hewa. Aliporudi, shati lilikuwa limelowa mgongoni, mara ya kwanza nalishuhudia.

"Sema koki," alisema. "Wakiuliza, aliyesema ni mimi."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na siku ile nilimwona mtu mzima akichagua dole. Kwa jina la Bwana Subiri bado namwita, lakini siku hizi namwita kwa heshima.

Saa zilikwenda. Kila saa alipanda: bado. Sauti ilianza kukwaruza, hakuacha. Kitu cha ajabu kilitokea, na mimi mwenye uzoefu wa hadhara nawaambia ni cha ajabu: watu waliacha kumcheka. Ilipokaribia saa wao wenyewe walinyamazishana, "shh, anapanda," wakasikiliza kwamba hana jipya, wakashukuru, wakarudi kwenye mazungumzo yao. Mtu mmoja aliyekuja na simu yenye sauti nyingine ya mtu mwingine wa ndani aliambiwa aizime, asubiri saa.

Alasiri mtaa wa juu uliruhusiwa. Baadaye kidogo mtaa wa kati. Binti aliwaambia wafungue milango na madirisha kwanza, wangoje, ndipo waguse swichi. Wakaondoka wakibeba mikeka na watoto waliolala. Kinyozi aliondoka mkono kichwani, mteja wake nyuma akidai nusu iliyobaki.

Uwanja ukabaki na watu watatu wa mtaa wa chini kabisa: dada yangu, jirani yake muuza mkaa, na mimi, ambaye si wa mtaa huo lakini spika ni zangu. Jua lilikuwa linalala upande wa matangi. Vijana wa uokoaji walikuwa wamefika nyuma ya ua wa dada, na kipimo kilikuwa kinalia pale, kwa sauti ndogo, lakini kinalia. Mfanyakazi mwenzake binti, wa zamu ya jioni, alifika geti la shule, akamwambia, "Nenda kapumzike, walio wengi wamesharudi, hawa watatu nitawaambia mimi." Binti akamshukuru, akamwomba akae pembeni.

Saa ikafika. Akashika maiki, akaanza kupanda mezani.

"Mjomba, washa."

"Mwanangu," nikasema, "wako pale, ukinyoosha mkono unawagusa."

"Washa, mjomba."

Nikawasha. Akasimama juu ya meza, viatu vimejaa vumbi, sauti imekatika katikati kama kanda ya zamani.

"Ninalolijua: mfereji wa nyuma ya nyumba ya fundi cherehani bado una gesi, kidogo kuliko saa iliyopita. Nisilolijua: itachukua muda gani upepo kuimaliza. Tunalolifanya: wapimaji wamekaa pale, hawaondoki. Saa ijayo nitapanda tena."

Muuza mkaa akaitikia kwa kichwa. Dada yangu akanyoosha mkono juu, kama mtoto wa shule, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mbele ya kiumbe yeyote.

"Swali," alisema.

"Uliza, mama."

"Ukishuka hapo, utakaa na sisi au utasimama?"

Binti akashusha maiki.

"Nitakaa."

"Basi shuka," dada alisema, akasogea, akampisha nusu ya mtandio.